Kitambaa Cheupe Kwenye Chupa

Chupa ilikuwa imeviringishwa gazeti, na Mama Easter, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, aliifungua pole pole kama anayemvua mtoto mchanga nguo. Akaisimamisha mezani mbele ya wanawake waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi, kisha akarudi nyuma hatua moja ili kila mtu aone.

Kahonzi hakuhitaji kusogea. Uso uliokuwa kwenye lebo ya chupa ile ulikuwa wake mwenyewe, umetabasamu kidogo, kitambaa cheupe cha akina mama kimefungwa vizuri kichwani mpaka juu ya masikio, na beji ya msalaba imechomekwa kifuani. Chini ya uso pameandikwa MAFUTA SAFI YA NAZI, MALINDI. Lakini ndani ya chupa hamkuwa na mafuta. Mlikuwa na tembo la mnazi, jeupe kama maji ya mchele, na povu limepanda shingoni mpaka likatoa kizibo cha karatasi. Harufu yake ikaenea chumbani. Mwanamke mmoja akaziba pua kwa ncha ya leso.

Mama Easter alieleza bila haraka. Mumewe Nahashon aliletewa chupa hiyo kazini, na wenzake wakamcheka mchana kutwa, wakimwuliza tangu lini akina mama wa kanisa lake wamehamia mangweni kuuza tembo. Si hapa Muyeye peke yake. Chupa kama hizo zimeonekana Matsangoni, na kuna aliyezikuta mpaka Kaloleni, kwenye arusi, zimepangwa mezani safu nzima.

Kahonzi akasema yeye hauzi tembo. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka.

"Tunajua huuzi, Mama Kabibi," Mama Easter alimjibu. "Na uso ni wako, ufanyie utakavyo. Lakini hicho kitambaa ni chetu sote."

Hakuna aliyemtetea. Mumbua, aliyekuwa akiimba naye sauti ya pili na kuazimana naye sindano, alikuwa akiangalia kucha zake. Wakakubaliana kumpa mpaka Jumapili ya meza ya Bwana, siku kumi na mbili. Ama uso wenye kitambaa utoke kwenye chupa za walevi, ama yeye akitoe kitambaa kichwani mwake. Kisha wakafunga kwa sala, na aliyeombewa zaidi alikuwa yeye, kwa jina.

Alipotoka alipewa chupa yake aende nayo, maana hakuna aliyetaka ibaki kanisani. Aliificha chini ya leso mpaka akafika kwenye mtaro wa barabara ya Maweni, akainama akaimwaga. Mwanamume aliyekuwa akipita na baiskeli akasimama, akaweka mguu chini, akamtazama kwa masikitiko ya kweli.

"Mama, na wenye kiu tupo," akasema.

Kisha akaitazama chupa, akamtazama yeye, akairudia chupa. Kahonzi alimwona akitaka kucheka, akajizuia, akapanda baiskeli yake. Alipofika mbele kidogo alishindwa kujizuia.

*

Nyumbani, Thoya mumewe alikuwa uani akichuja mafuta kwenye sufuria kubwa kwa kitambaa cha melikani. Tangu hoteli ya pwani alikokuwa akibeba mizigo ya wageni ipunguze watu, kazi ya Thoya ilikuwa hii: kununua nazi, kununua chupa tupu, na kupeleka mafuta dukani. Kukuna, kukamua tui na kusimamia moto ilikuwa kazi ya Kahonzi. Nyumba nzima, na karo ya binti yao Kabibi na wadogo zake wawili, ilikuwa ikitoka kwenye sufuria ile.

Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, hakuacha kuchuja. Kisha akasema chupa ikishauzwa si yao tena. Mtu akitaka atie mafuta ya taa, akitaka atie asali, akitaka atie tembo. Hata serikali haiwezi kumfuata mtu na chupa yake.

Ni kweli kwamba Pwani chupa haitupwi. Ikiisha kilichokuwamo huoshwa, ikauzwa kwa mwokota chupa, na mwokota chupa ana wateja wake wa kudumu, na wa kwanza kati yao ni wauza tembo. Jambo hilo Thoya alilijua tangu utotoni. Kahonzi pia alilijua. Lakini siku ile walipokwenda kutengeneza lebo, hakuna aliyelikumbuka, kwa sababu walikuwa na dhiki nyingine.

Dhiki yenyewe ilikuwa hivi. Mwanzo walikuwa wakibandika karatasi za daftari, Kabibi akaandika kwa kalamu ya wino, wakagandisha kwa uji. Mafuta yakitona tu, karatasi ikalowa ikaanguka. Dukani kwa Bwana Shee chupa zilikuwa zikikaa rafu ya chini kabisa, baina ya sumu ya panya na utambi wa taa, na watu walikuwa wakiuliza kama ni mafuta ya kupaka baiskeli. Bwana Shee, ambaye si mtu wa kuficha neno, alimwambia Kahonzi mbele ya wateja, "Mafuta yako mazuri, bibi. Lakini yamekaa kimagendo-magendo. Mtu akiyanunua huyaficha mfukoni."

Kahonzi aliibeba aibu hiyo mpaka nyumbani, na ndiyo iliyowapeleka kwa Mwaura. Mwaura alikuwa mtu wa bara, ana mashine ya kuchapa nyuma ya soko, anachapa kadi za arusi na risiti. Aliyatazama mafuta kwenye mwanga, akayanusa, akawaambia hayana kasoro, kasoro ni kwamba hayana mwenyewe. Mtu hanunui kitu kisicho na mwenyewe. Akawataka walete picha. Kahonzi alikuwa na picha moja tu nzuri, ile aliyopigwa siku ya kuvishwa kitambaa cha akina mama. Mwaura alipoiona akasema, "Hii. Mama kama huyu hawezi kukupunja."

Bloki ya kuchapia picha ilikwenda kutengenezwa Mombasa. Zikachapwa lebo elfu mbili, mpaka wa kijani, uso katikati. Thoya, ambaye lebo za daftari zilimtia adabu, alisisitiza jambo moja tu: apewe gundi isiyotoka. Isitoke kwa mafuta, isitoke kwa jua, isitoke kwa maji. Mwaura akampa.

Mbuzi wawili waliondoka kwa kazi hiyo. Lakini mwezi haukuisha, Bwana Shee alizipandisha chupa rafu ya macho. Watu wakawa wanaingia dukani, hawatamki hata jina. Wanaelekeza kidole. "Nipe yule mama."

"Sasa unataka nifanye nini?" Thoya alimwuliza, na safari hii aliweka sufuria chini. "Jumamosi Bwana Shee anataka chupa mia mbili. Wageni wa hoteli wameanza kuyauliza. Lebo zilizobaki zote zina wewe. Nikubandulie wapi, mke wangu?"

Kahonzi akasema atakwenda kwa Nyevu.

Thoya akamtazama kwa mshangao. Nyevu alikuwa dada wa Thoya wa tumbo moja, na mangwe lake lilikuwa kubwa kuliko yote ya Muyeye. Kahonzi hakuwa amekanyaga pale tangu aokoke, mwaka wa sita huu. Hata alipomwona wifi yake sokoni alikuwa akipitia upande wa samaki ili wasisalimiane.

*

Alikwenda asubuhi, kabla wateja hawajafika, na kitambaa chake cheupe alikiacha nyumbani. Mangwe lilikuwa banda la makuti, limefagiliwa, mabenchi yamepangwa, na pembeni pana karai kubwa la maji ya sabuni. Nyevu alikuwa ameketi kwenye kigoda akiosha chupa. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kukwaruza kidogo.

"Wifi," Nyevu alisema, hakuinuka. "Umechelewa. Uso wako umeshafika zamani, una miezi mitatu hapa."

Kahonzi akamsalimu, akakaa pembeni ya benchi. Alipoinua macho aliziona. Zilikuwa zimepangwa ubavuni mwa ukuta wa makuti, thelathini, arubaini, huenda zaidi, zimeoshwa zikang'aa, na katika kila moja alikuwamo yeye akitabasamu. Joto lilimpanda kutoka kifuani mpaka masikioni. Alitaka kuwageuza wote watazame ukuta.

Akaeleza shida yake. Akasema yuko tayari kuleta chupa nyingine, tupu kwa tupu, moja kwa moja, achukue hizi. Nyevu alimsikiliza huku akiendelea kuosha. Akamwambia azichukue, hamna neno, ila asijidanganye. Wiki ijayo mwokota chupa ataleta nyingine. Na Matsangoni je? Na Kaloleni? Atazunguka na kikapu mpaka lini?

"Basi nizikwaruze," Kahonzi alisema.

Nyevu akampa kisu. Kahonzi akachukua chupa moja, akaiweka mapajani, akaanza. Gundi ya Mwaura haikumsikiliza. Mpaka wa kijani ulitoka, maandishi yakatoka nusu, lakini uso ulichubuka tu. Jicho moja likaondoka na shavu, likabaki jicho moja na tabasamu. Akajaribu nyingine, akajikuta ameanza na mdomo. Ya tatu hakuimaliza. Alikuwa ameketi na nyuso zake tatu mapajani, kila moja imeharibika kwa namna yake, na zote zilikuwa mbaya kutazama kuliko zilivyokuwa nzima.

"Acha," Nyevu alisema. Alikuja akamtoa kisu mkononi. Kisha akamwambia neno ambalo Kahonzi hakulitarajia: kwamba wateja wenyewe huzichagua hizo. Chupa zikipita, mtu anasema, mimi nipe ya mama, hiyo imeoshwa. Nyingine pia zimeoshwa, karai ni moja, sabuni ni moja, mkono ni mmoja. Lakini wanaiamini hiyo.

"Miaka ishirini naosha chupa," Nyevu akasema. "Hakuna aliyewahi kusema Nyevu msafi. Umekuja wewe, tena kwa karatasi, ndipo wameona usafi."

Hakulisema kwa hasira. Hilo ndilo lililomwumiza Kahonzi. Akakumbuka upande wa samaki sokoni, akakumbuka jinsi alivyokuwa akivuta mkono wa Kabibi ili mtoto asikimbilie kumwamkia shangazi yake. Akainama akaanza kuokota vipande vya karatasi vilivyoanguka chini. Nyevu akamwambia aviache, atafagia.

*

Jaribio la wino lilikuwa wazo la Thoya. Ikiwa ugomvi ni kitambaa, basi kitambaa kipakwe rangi. Kwenye lebo kitambaa kilikuwa ni weupe wa karatasi yenyewe, hivyo Ijumaa walikaa ukumbini, Thoya na Kahonzi na Kabibi, kila mmoja na kijiti na kidau cha wino mweusi, wakapaka kichwa baada ya kichwa. Kabibi alikuwa mwangalifu, hakutoka nje ya mstari. Thoya alikuwa na mkono mzito, na wanawake wake walionekana kama waliovikwa gunia. Walipaka mia mbili. Zilipokauka walizitazama.

"Ni nzuri," Thoya akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayemsifia mgonjwa.

Jumamosi Bwana Shee aliishika chupa ya kwanza, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu. Dukani mlikuwa na wateja wawili watatu na mzungu mmoja wa kike aliyekuwa akichagua leso.

"Huyu ni nani?" Bwana Shee akauliza.

Thoya akasema ni yule yule.

"Si yule yule, bwana. Yule alikuwa mama wa watu. Huyu amefiwa." Akaigeuza kwa mteja aliyekuwa karibu, mzee mwenye kofia ya kufuma. Mzee akatazama, akasema huyo anafanana na mwanamke aliyetafutwa na polisi mwaka juzi. Watu wakacheka. Kahonzi alikuwa amesimama pale pale, uso wake halisi haujafunikwa na chochote, na hakuna mteja hata mmoja aliyemtambua.

Bwana Shee akakataa kuzipokea. Alimwita Kahonzi pembeni, karibu na magunia ya mchele, akamsemesha kwa upole kama mzazi. Yeye ni Mwislamu, alisema, na tembo halionji wala halipendi, na habari za mangweni zimemfikia zamani. Lakini wateja wake hawanunui habari. Wanamtaka yule mama wa kitambaa cheupe. Kama mama huyo hayupo, atampa rafu mtu mwingine, kuna kijana wa Kilifi analeta mafuta yenye picha ya simba. Akampa mpaka Jumatatu.

"Simba na mafuta ya nywele wapi na wapi," akaongeza, akitikisa kichwa. "Lakini amechora vizuri."

Walizirudisha chupa zote kwa mkokoteni, barabara nzima. Thoya alisukuma, Kahonzi akashika nyuma zisigongane. Thoya hakumlaumu. Afadhali angemlaumu.

*

Jumapili ya meza ya Bwana ilikuwa bado wiki moja, lakini Kahonzi hakuingoja. Kesho yake, Jumapili alasiri, alikifua kitambaa, akakipiga pasi ya makaa, akakikunja mara nne, akaitoa beji akaiweka juu yake, akaenda nyumbani kwa Mama Easter kwenye nyumba za wafanyakazi.

Mama Easter mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango. Alipokiona kilichokuwa mkononi mwa mgeni wake alielewa, na kwa kuelewa akawa mpole. Akamkaribisha jikoni, maana ukumbini mumewe alikuwa amelala. Akasema ngoja apike chai, haifai mtu aje na aondoke koo kavu.

Kahonzi alikiweka kitambaa mezani. Alikuwa amepanga maneno njiani. Alitaka kusema kwamba hakukusudia kukichafua. Kwamba siku alipovishwa hakulala kwa furaha, na kwamba haijawahi kupita Jumapili akakivaa na doa. Kwamba ana watoto watatu na sufuria moja. Maneno yote hayo yalikuwa tayari, lakini alichosema ni hiki: "Sitaweza kuitoa ile picha, Mama Mwenyekiti. Nimejaribu. Basi nimekitoa hiki."

Mama Easter akasema ni uamuzi wa uchungu, na kwamba Mungu anaujua moyo. Alikuwa akisema huku ameinama chini ya meza kulivuta jiko la mafuta ya taa. Akalitikisa, likalia utupu. Akanyoosha mkono nyuma ya pazia la kabati bila kutazama, kama mtu afanyavyo kila siku, akatoa chupa, akaondoa kizibo, akaanza kumimina.

Kiganja chake kilikuwa kimefunika uso. Lakini kichwa kilikuwa kimejitokeza juu ya kidole gumba, na kitambaa, cheupe, kimefungwa vizuri mpaka juu ya masikio.

Mafuta ya taa yalikuwa yakiingia ndani ya jiko kwa mlio mdogo. Kahonzi alikuwa akitazama, na Mama Easter, alipoona jinsi alivyokuwa akitazama, akakitazama alichokishika. Mkono ukasita. Mafuta yakamwagika kidogo sakafuni. Akasema, haraka haraka, kwamba aliyanunua mafuta yake ya nazi mwezi wa pili, ya watoto, mazuri sana, na chupa ilikuwa nzima, imara. Shingo yake ilikuwa imewiva.

Akairudisha chupa nyuma ya pazia, uso ukitazama ukutani. Kisha, kwa vidole viwili, akakisukuma kitambaa juu ya meza, kikasogea upande wa Kahonzi, kikasimama pembeni ya kikombe.

Kahonzi angeweza kukichukua. Kilikuwa karibu na mkono wake kuliko kijiko cha sukari. Aliona kwamba mwanamke yule angempa sasa hivi, na Jumapili angewaambia wenzake neno lolote la kuwanyamazisha, na kwamba angefanya hivyo si kwa haki wala kwa huruma, bali ili jambo la jikoni libaki jikoni. Na kila Jumapili wangekuwa wakitazamana, kila mmoja akijua. Alimwonea mwenzake aibu, kisha akajionea aibu mwenyewe kwa kufurahi kidogo.

Hakukigusa. Alikunywa chai mpaka mwisho, ikinuka mafuta ya taa kwa mbali, akashukuru. Mama Easter alimsindikiza mpaka mlangoni, na hapo mlangoni akasema tu amsalimie watoto.

*

Thoya alikuwa ameziosha chupa zile mia mbili mpaka mikono ikakunjana, na ile gundi, ambayo ilikuwa haijamaliza kukauka vizuri, kwa mara ya kwanza ilikuwa imemtii. Wanawake wa vitambaa vyeusi walikuwa wamelundikana kwenye ndoo, wamelowa. Alipomwona mkewe anaingia na leso tu kichwani, akamsogezea maji ya kunawa.

Kahonzi aliosha mikono, akaketi mkekani, akavuta boksi la lebo upande wake. Alichukua ya kwanza, akaipaka gundi nyuma mpaka kwenye pembe zote nne, akaiweka sawasawa kwenye chupa, akaweka kidole gumba kwenye paji la ule uso, akabana mpaka ukakamata. Kisha akapitisha kidole juu ya kitambaa cheupe, kutoka sikio hadi sikio, kutoa hewa iliyobaki chini yake.

"Nipe nyingine," akamwambia mumewe.